Majengo ya chuo kilichofungwa: yabomolewe au yabadilishwe matumizi?

Hoja: Chuo cha mji mdogo kikifungwa hubaki mabweni, maktaba, maabara na ukumbi. Wako wanaotaka vyote vivunjwe na kiwanja kiuzwe. Wengine wanataka nyumba za kupanga.

Mhandisi: Pimeni zege kwanza. Tindua kidogo kwenye nguzo, kisha pulizia fenofthaleini, kemikali ya kupimia zege, palepale palipomeguka. Pakigeuka rangi ya waridi, zege bado linakinga nondo. Pasipobadilika mpaka kwenye nondo, kinga imekwisha, na maji yakifika hapo kutu inaanza. Kutu hutanuka kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege hupasuka kufuata mstari wa nondo. Kupiga plasta juu ya ufa huo ni kudanganya wapangaji.

Mkadiriaji majenzi: Ndugu zangu wa nyumba za kupanga, mmesahau majitaka. Bweni lina vyoo vya pamoja mwisho wa korido, na vyote vinashukia bomba moja. Ukitaka choo kila chumba, utatoboa kila slabu. Tena bomba la mlalo kwa kawaida hupewa mteremko wa sentimita 2.5 kila mita; likienda mita 6 limeshashuka sentimita 15, na dari ya chini nayo lazima ishuke. Unganisheni vyumba viwili viwili, vyoo vipya vikae karibu na bomba lililopo.

Fundi paa: Nanyi wa kubomoa, mmeangalia paa? Bati la asbesto halipigwi nyundo. Linaloweshwa, bolti zinafunguliwa, linateremshwa zima na kufungwa kwenye plastiki nzito, na wanaofanya hivyo wawe wenye kibali. Likivunjwa kavu, vumbi lake linaingia mapafuni mwa majirani.

Mhandisi: Kweli kabisa. Ndiyo maana napinga uamuzi mmoja kwa chuo kizima. Sakafu ya darasa husanifiwa kwa takriban kilo 300 kwa mita ya mraba, ya bweni karibu nusu yake, ya ghala la vitabu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo maktaba inafaa kuwa masjala. Bweni halifai hata kidogo.

Mkadiriaji majenzi: Na maabara ikaguliwe mitego ya maji, yaani mabomba yaliyopinda chini ya sinki, kabla fundi hajaifungua. Zebaki ya vipimajoto vilivyovunjika hukaa humo miaka.

Fundi paa: Wakati mnabishana, zibueni gata, fungeni maji na mwageni yaliyobaki mabombani. Madirisha mkiyaziba kwa mbao, acheni matundu ya hewa, maana unyevu wa mbao za kenchi ukizidi asilimia 20, kuvu huanza kuzila.