Je, inafaa kumlipa mtu akutangazie kitabu?

Muulizaji, Ngamiani, Tanga:
Ndugu waandishi, habari zenu. Nilichapisha nakala 500 za riwaya yangu, na hadi leo maboksi yamejaa chini ya kitanda. Sasa kampuni moja ya ng'ambo imeniandikia barua pepe ikinisifu mno, ingawa haikumtaja hata mhusika mkuu, na inataka dola 400 ili inipatie maoni ya wasomaji kule Amazon. Je, kuna aliyewahi kulipia huduma ya namna hii akafaidika?

Jibu, Bagamoyo:
Mimi nililipa, nikajuta. Niliahidiwa maelfu ya wasomaji, lakini nilichopata ni picha tatu za jalada katika ukurasa ambao wafuasi wake, nijuavyo mimi, hawasomi Kiswahili kabisa. Nilipodai hesabu ya nakala zilizouzwa, simu zangu hazikupokelewa tena. Isitoshe, Amazon inakataza maoni ya kulipiwa na huyaondoa ikiyabaini, kwa hiyo utakuwa umenunua matatizo kwa fedha zako mwenyewe.

Jibu, Tanga:
Sikatai kulipa, ila humlipa mtu ninayemwona kwa macho. Kijana wa mtaani kwetu alinitengenezea tangazo la WhatsApp kwa shilingi 30,000, nami nikamwachia muuza magazeti nakala 10 kwa mali kauli. Zilikwisha ndani ya wiki mbili.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Barua pepe ile nimeshaifuta. Kaka, huyo muuza magazeti anachukua asilimia ngapi?