Naomba ushauri: presha ya boila inapanda kupita kiasi

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa mawazo kuhusu boila ya kupasha joto nyumba. Mtambo ukiwa umepoa, geji husoma baa 1.3 (baa ni kipimo cha presha), kiwango ambacho hakina tatizo. Lakini radieta (vyuma vya ukutani vinavyosambaza joto vyumbani) zikishapata moto, mshale hupanda hadi baa 3, vali ya usalama hufunguka, na bomba la nje huanza kudondosha maji ya moto yenye rangi ya kutu. Mtambo ukipoa tena, presha hushuka chini ya baa 1, nami hulazimika kuongeza maji, jambo nisilolipenda kwa sababu maji mapya huingiza oksijeni inayokula vyuma kwa ndani.

Kwa kuwa mshale hausogei usiku kucha boila ikiwa imezimwa na kupoa, sidhani kama vali ya kujazia inavujisha maji kuingia kwenye mtambo. Shaka yangu iko kwenye tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yanapopanuka kwa joto, lenye kiwambo cha mpira kinachotenganisha maji na hewa: nilipobonyeza kipini cha vali yake ya hewa, hakikutoka chochote, si hewa wala maji. Fundi aliyekuja alitaka tubadilishe boila nzima, pendekezo ambalo, kusema kweli, naona limepitiliza.

Je, inatosha kumwaga maji hadi geji isome sifuri, kisha kulijaza tangi hewa upya kwa pampu? Na vali ya usalama iliyokwisha kufunguka mara nyingi hivi, ibadilishwe hata kama bado inaonekana kufunga vizuri?