Nataka kufungua ofisi ya uwakili Morogoro, kazi za kila aina. Nitakula?

Mwana_wa_Kilosa

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza Shule ya Sheria (kwa sapu moja, sifichi), sasa nasubiri siku ya kuapishwa na Jaji Mkuu. Nina njia mbili. Kuna ofisi ya mawakili Dar ambayo rafiki yangu anafanya kazi, wao ni kodi na makampuni tu. Wananiita, ila mwanzo ni posho ya nauli na chakula, mshahara "tutaona". Njia ya pili, mjomba wangu ana fremu Morogoro, si mbali na Msamvu, yuko tayari nianze nayo.

Nikiwa Moro nitakuwa wakili wa kila kitu. Mirathi, ardhi, talaka, kazi, jinai, mikataba. Wenzangu wananicheka, wanasema wakili wa kila kitu ni wakili wa kitu gani? Naomba aliyepita njia hiyo anieleze ukweli. Kazi gani hasa zinaingia mlangoni? Na mtu anaishi kwa hizo?

Mzee_wa_Nanenane

Dogo, mawakili wamejaa mjini kama bajaji. Nenda Dar.

Wakili_wa_Masika

Mdogo wangu, huyo aliyenitangulia usimsikilize sana, ila hajakosea kuhusu bajaji. Mimi ni mwanamke, huu ni mwaka wangu wa 12 nikifanya kazi hapa Morogoro peke yangu na karani mmoja. Sina ninachobobea. Nikuhadithie Jumatatu moja tu ya kawaida.

Saa mbili asubuhi nakuta foleni ya vijana kwenye benchi. Hawana kesi. Wana nakala za vyeti wanataka zigongwe muhuri, wengine wa mkopo wa chuo, wengine wa maombi ya ajira. Mwanzoni kazi hii niliidharau, nikaona nimesoma miaka minne na mwaka wa vitendo ili nigonge mihuri? Mwezi wa tatu pango lilipodai ndipo nikaiheshimu. Halafu wale vijana wana mama zao na shangazi zao. Nusu ya faili zangu za mirathi zimeletwa na kijana niliyemgongea cheti.

Ila muhuri huo una mitego. Usigonge nakala bila kuona halisi, hata akiwa mtoto wa mchungaji. Kiapo lazima kionyeshe kimeapwa wapi na tarehe gani, na aape mbele yako, siyo karatasi iletwe na bodaboda ikiwa imeshasainiwa. Na kiapo cha mteja wako kwenye kesi unayoiendesha mwenyewe usikigonge wewe. Vuka barabara kwa wakili mwenzako. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa sababu hiyo tu.

Saa nne akaingia mjane na shemeji zake wawili. Mume alikuwa na akaunti benki, kiwanja Kihonda na shamba Mvomero. Mirathi ndiyo mkate wa wakili wa mji kama huu, na sehemu kubwa ya kazi si ya mahakamani. Ni kueleza. Kwanza, kwamba msimamizi wa mirathi siyo mrithi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Shemeji mkubwa alipoelewa hilo, hamu ya kuwa msimamizi ilimpungua palepale. Pili, faili linakwenda wapi. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Marehemu huyu alikuwa mzee wa kanisa, ndoa ya kanisani, maisha yote ya Kikristo, na shemeji wanataka kwenda Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ni karibu na ni rahisi. Ukiwakubalia unakula ada yako leo, halafu baada ya miaka mitano anatokea mtoto wa nje na wakili wake, usimamizi unafutwa, na kiwanja kimeshauzwa kwa mtu wa tatu. Nikawarudisha wakalete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na wote, siyo na wanaume tu.

Mchana, mauziano ya nyumba. Muuzaji na mnunuzi wamekuja pamoja wanataka wakili mmoja "ili isiwe gharama". Sikatai kuandaa mkataba, ila nawaambia mapema namwakilisha nani. Nikamuuliza muuzaji, mke yuko wapi? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Akatoka, akarudi na mama mmoja kajifunga kanga vizuri, anasema ndiye mke. Nikampa maji, tukaongea mawili matatu, nikamuuliza hiyo nyumba yenu ina vyumba vingapi. Akamtazama yule bwana. Basi, biashara ikaishia hapo. Mnunuzi alinichukia siku ile, sasa ndiye ananiletea wateja.

Jioni barua mbili za madai, na mama wa talaka ambaye hakupita baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata yake, hana fomu namba 3, ile hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Nimemwelekeza aanzie huko. Sikumtoza kitu. Malipo yenyewe, kwa kweli, mengine yanakuja kwa awamu na mengine yanakuja kwa gunia. Mchele wa Ifakara haujawahi kukosekana kwangu tangu mwaka wangu wa tatu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikufundishwa darasani. Wakili wa kila kitu hawezi kujua kila kitu, ila lazima ajue siku. Mwaka wangu wa pili alikuja dereva aliyefukuzwa kazi na kampuni moja ya usafirishaji. Alikuja Jumatatu. Nilikuwa na haraka ya kwenda mahakamani, nikamwambia akalete mkataba na barua ya kufukuzwa tuandae vizuri. Akaenda kuvitafuta, akarudi Ijumaa, kavipanga kwenye bahasha ya kaki. Nikaisoma barua. Ile Jumatatu ilikuwa siku ya 27. Malalamiko ya kufukuzwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na fomu ya kufungulia haikuhitaji hata huo mkataba niliomtuma. Tukaomba kuongezewa muda, tukakataliwa. Kutafuta karatasi hakukuonekana sababu ya kutosha, na mimi ningekuwa mwamuzi nisingeona tofauti. Miaka 9 kazini kwake, nikamwangusha kwa kutouliza neno moja: lini?

Tangu hapo, mtu akikaa kwenye kiti swali la kwanza ni tarehe. Hukumu imetoka lini, barua umepewa lini. Naandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada kabla sijamuuliza jina la baba. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu siku 45. Migogoro ya kazi isiyo ya kufukuzwa siku 60. Wakili wa kodi anakumbuka tarehe za kodi tu, wewe utakumbuka za wote.

Boda_Msamvu

Mimi si msomi ila nichangie. Nilikuwa naendesha pikipiki ya mkataba, nimebakiza hesabu za wiki mbili iwe yangu. Tajiri akaja usiku kaichukua, anasema nimechelewesha. Nilikwenda kituoni, nikaambiwa ni kesi ya madai. Nikaingia kwa wakili mmoja hapa mjini, sijui kama ndiye huyu dada, akasoma mkataba wetu wa daftari la shule, akaandika barua ya siku 7. Elfu thelathini. Siku ya nne pikipiki ilirudi. Mahakamani sikukanyaga. Mtu wa kodi na makampuni angenisikiliza mimi?

Karani_Mstaafu

Kijana, nimekuwa karani wa mawakili miaka mingi kuliko umri wako, naongezea moja. Ukifungua ofisi, mshindani wako siyo wakili mwenzako. Ni kishoka, wakili feki. Anakaa chini ya mwembe nje ya mahakama na mkoba, anaandika rufaa kwa elfu kumi, na mihuri anayo. Wateja watakuja kwako wakiwa wameshaharibiwa, na watakulaumu wewe kwa bei. Wafundishe watu wako kuangalia jina kwenye e-Wakili. Mfumo unaonyesha kama mtu yumo kwenye daftari la mawakili na kama cheti chake cha uwakili kiko hai. Na wewe mwenyewe usije ukaachia cheti kikafa. Kinaisha 31 Desemba kila mwaka. Wapo mawakili wazuri tu waliosahau kuhuisha, wakasimama mahakamani Februari, upande wa pili ukachungulia kwenye simu. Aibu yake sikuelezi.

Mwana_wa_Kilosa

Shikamoo dada wakili, na shikamoo karani. Nimesoma mara mbili. Maswali matatu. Kesi za jinai zipo? Ardhi ya wakulima na wafugaji huko kwetu Kilosa inalipa au ni kujitafutia maadui? Na lugha, maana sisi tumefundishwa kwa Kiingereza kila kitu.

Wakili_wa_Masika

Marahaba.

Jinai zipo. Za mauaji utapangiwa na Mahakama Kuu kumtetea asiye na uwezo, malipo ni madogo na yanachelewa, ila chukua. Hakuna shule ya kuhoji mashahidi kuliko ile. Usiende tu na faili ulilolisoma ukiwa kwenye daladala. Yule mtu kakaa rumande miaka, wewe ndiye mtu wa kwanza aliyevaa suti kwa ajili yake. Mzungumze naye siku kadhaa kabla ya kesi, siyo dakika tano kizimbani.

Ardhi ya wakulima na wafugaji nitakujibu kwa uangalifu, kwa kuwa unatoka huko. Ukiwa mtoto wa Kilosa, upande mmoja utakuhesabu ni wao kabla hujafungua mdomo. Mimi nimekataa faili mbili za kijiji anakotoka mama yangu. Faili za viwanja vya mjini ni nyepesi zaidi, ila kumbuka Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Bado watu wanakuja na "hukumu ya kata" ya juzi wanataka nikaikazie. Wape kiti, wape maji, halafu waeleze polepole. Wengine wameshatumia nauli ya mwezi mzima kuipata.

Lugha. Mwaka huohuo wa 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nilijikuta, mimi Mluguru niliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, nakaa usiku nasaka namna ya kusema mambo niliyoyakariri chuoni kwa Kiingereza. Kiingereza hakijatoka, utakikuta kwenye hukumu nyingi za juu na vitabu vyote, kwa hiyo vyote viwili uvijue. Ila jaribu hili: andika hati ya madai kwa Kiswahili, msomee mteja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mzee mmoja alinikatisha katikati akasema, "Wakili, hapo siyo hivyo, ng'ombe walikuwa saba." Miaka yote ya nyuma wateja wangu walikuwa wanasaini ng'ombe wasiowajua.

Kuhusu kula. Mwaka wa kwanza utakula kwa mihuri na kwa mjomba. Weka akiba ya miezi sita ya pango hata kama fremu ni ya ndugu. Ada ya chama, cheti, karatasi, intaneti ya kufungulia kesi mtandaoni, risiti za EFD, hivyo havisubiri mteja. Na pesa ya mteja usiichanganye na yako hata siku moja, hata ya nauli. Mawakili wengi waliofutwa kwenye daftari hawakufutwa kwa kutojua sheria.

Mambo ya makampuni na kodi makubwa yakija, na yatakuja, mwenye mashine ya kukoboa atataka kusajili kampuni BRELA halafu atakuletea makadirio ya TRA yaliyomtoa jasho. Kusajili utaweza. Hayo makadirio kama huyawezi mpigie rafiki yako wa Dar, mgawane ada. Nimewahi kung'ang'ania faili la aina hiyo kwa kiburi. Sirudii.

Halafu na mimi nina swali. Hiyo fremu ya mjomba, mmeandikiana?

Mwana_wa_Kilosa

Hapana dada. Tumekubaliana kwa mdomo. Ni mjomba.

Wakili_wa_Masika

Haya. Mteja wako wa kwanza umeshampata.

Karani_Mstaafu

😂😂 Na umuulize lini.