Matairi ya plai 10 kwenye pikapu ya kazi nzito: nijaze upepo kiasi gani?

MzigoKamili
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoyajua matairi, maana kila ninayemuuliza ananipa namba yake.

Nina pikapu ya kazi nzito, injini ya dizeli, matairi manne. Nimefunga mapya ya saizi ile ile iliyokuja na gari: LT275/70R18, daraja la mzigo E, yale ya plai 10, yaani magumu ya kubeba mzigo mzito. Ubavuni yameandikwa 80 PSI (kipimo cha presha ya upepo). Kibandiko cha mlangoni kinasema mbele 60, nyuma 80. Aliyenifungia akajaza 80 yote manne.

Gari likiwa tupu linarukaruka, na kwenye kokoto mkia unahama. Matairi ya nyuma yameanza kulika katikati, wakati pembeni vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya bado vipo. Dereva mmoja mzoefu ananiambia nishushe yote hadi 35 kama gari dogo. Mwingine anasema nikishusha, siku nikipakia litapasuka. Kuna siku nabeba zaidi ya tani moja, kuna siku natembea tupu. Nishike lipi?

FundiRimu
Mkuu, maandishi ya ubavuni yasome yote, usiishie kwenye 80. Hapo pameandikwa kwamba tairi linabeba uzito wake wa juu kabisa likiwa na 80, tena likiwa baridi. Karibu na saizi utaona 125/122. Hiyo 125 maana yake kilo 1,650 kwa tairi moja likiwa peke yake upande wake, na 122 ni kilo 1,500 likifungwa pacha, yaani mawili pamoja upande mmoja. Kwa hiyo 80 ni ya siku tairi lako linapobeba kilo 1,650. Mbele hulifikii hilo hata ukitaka. Rudisha 60 ya mlangoni leo hii.

Ya nyuma ni habari nyingine. Kibandiko kinampigia hesabu mtu atakayepakia mpaka kikomo cha ekseli, ndiyo maana kimesema 80. Ukiwa tupu upepo huo ni mwingi, tairi linavimba katikati na kukanyaga kwa ukanda mwembamba. Huko kulika unakokuona ndiko kunakotokana na hilo.

Plai10
Naunga mkono, ila hiyo 35 uisahau kabisa kama kuna mzigo nyuma. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja kunaleta joto, joto linalegeza mpira ulioshikana na mikanda ya chuma, kisha ngozi ya juu inabanduka mkiwa kasi. Kwa macho huwezi kujua, maana ubavu wa tairi la daraja E ni mgumu, linasimama vizuri hata likiwa limepungukiwa sana.

Wanaokumbuka mwaka 2000, watengenezaji wa matairi Firestone walitaka matairi kama milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa sababu ya kubanduka namna hiyo. Ford walikuwa wanapendekeza 26 PSI, Firestone wakasema ijazwe 30, na mabishano juu ya upepo, joto na uzito yakafika hadi bungeni Marekani. PSI 4 tu hizo, kwenye gari jepesi kuliko lako.

MizaniKwanza
Ndugu MzigoKamili, mnabishana namba ya upepo kabla ya kujua namba ya uzito. Peleka gari kwenye mizani, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida, wewe mwenyewe ndani na tangi limejaa. Ukileta hizo namba tutakusaidia kwa uhakika, vinginevyo tunabahatisha kama hao wengine.

MzigoKamili
Nashukuru sana. Nimepima. Mbele kilo 2,000, na likipakiwa haibadiliki sana. Nyuma tupu kilo 1,300, na mzigo wangu wa kawaida kilo 2,700.

MizaniKwanza
Safi, sasa tunaongea. Nyuma na mzigo: 2,700 gawa kwa mbili, kila tairi 1,350. Tairi linabeba 1,650 kwa 80. Chukua 1,350 gawa kwa 1,650 zidisha kwa 80, unapata kama 65. Hesabu hii inaegemea upande wa usalama, kwa sababu ukipunguza upepo uwezo wa tairi haushuki kwa kasi ile ile ya upepo. Unashuka polepole zaidi. Mtengenezaji wa matairi yako ana jedwali la uzito na presha kwa kila saizi. Litafute ulinganishe, utakuta linahitaji chini kidogo ya hapo.

Lakini mimi nisingeiacha 65. Mzigo haukai sawa kushoto na kulia, ukifunga breki au ukikata kona unahamia upande mmoja. Ningejaza 70, na siku mzigo ukikaribia kikomo cha ekseli narudi kwenye 80 ya mlangoni bila mjadala.

Tupu: kila tairi kilo 650, hesabu inakupa kama 32. Usiifuate. Hapo tairi linakuwa na uwezo lakini gari linapoteza utulivu, na ukipewa mzigo wa ghafla njiani utakuwa hatarini. Ningekaa 50. Mbele 60 siku zote, kwa sababu injini haishuki garini.

FundiRimu
50 tupu nakubaliana nayo. Angalia tu kihisi cha presha, taa itaweza kuwaka kwa sababu kinapima kwa kufuata kibandiko. Baadhi ya pikapu za kazi nzito zina mpangilio wa mzigo mwepesi, soma kitabu cha gari lako.

Ukitaka kuona tairi linakanyagaje, chukua chaki uchore mstari mnene kukatisha uso wa tairi, endesha mita chache kwenye lami iliyonyooka, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Kipimo hicho ni cha ulikaji peke yake, hakikuambii tairi linaweza kubeba nini, kwa hiyo usikitumie kushusha chini ya hesabu ya mizani.

Asubuhi_Mapema
Dada yenu naongeza la joto, maana hapa wengi wanaharibu. Namba zote mlizotaja ni za tairi baridi: gari limekaa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu hivi. Ukipima baada ya safari ukakuta 70 imekuwa 77, usitoe upepo. Huo ni wa joto, tairi likipoa utabaki na pungufu.

Na ile kanuni kwamba presha hubadilika PSI 1 kwa kila nyuzijoto tano na nusu ni ya magari madogo. Kwenye 80 ni karibu mara mbili yake, nyuzijoto 10 zinasogeza kama PSI 3. Anayejaza mahali pa joto kisha akalala kwenye baridi ya milimani, asubuhi apime tena.

MzigoKamili
Nimeelewa, tena vizuri. Swali la mwisho: valvu zangu ni za mpira za kawaida. Zina shida?

FundiRimu
Zinaweza kuwa na shida, kaka. Valvu za mpira za kawaida za kusukumiza kwenye rimu mwisho wake ni 65 PSI. Kwa 70 au 80 unahitaji za presha ya juu au za chuma za kufunga kwa nati. Mwambie fundi akague aina iliyofungwa, na rimu nazo ziwe za kustahimili presha hiyo.

Plai10
Akiwa hapo hapo akague na la akiba, maana huko chini ya bodi ndiko linakosahaulika. Liwe la daraja E kama mengine, na lijazwe 80. Likihitajika mbele utapunguza kwa geji dakika moja, ila likihitajika nyuma na lina 40, bila kompresa utakuwa umekwama na mzigo.