"Nakuwekea mpaka Ijumaa", Alhamisi kauza! Na sheria ya Uingereza inasema hana kosa

Wakuu, nina hasira za siku nne na leo nazitua hapa jamvini. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Naishi Uingereza mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kusambaza mizigo. Mwezi uliopita gari langu lilikufa injini. Nikatafuta, nikapata vani kwenye yadi moja huko kaskazini kabisa, jirani na mpaka wa Uskoti, pauni 4,200. Jumatatu mwenye yadi akanitumia meseji: bei ndiyo hiyo, nakuwekea mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nikamjibu asante, natafuta hela, nitakujulisha.

Siku kaitaja mwenyewe. Saa kaitaja mwenyewe. Mimi sikumwomba.

Basi nikaanza kuhangaika. Upatu wetu mwezi huu zamu ilikuwa ya dada mmoja, nikambembeleza mpaka akaniachia. Shemeji akanikopesha 900. Kazi mbili za Ijumaa nikazikataa, nikakata tiketi ya treni, zile za bei nafuu ambazo ukishanunua hurudishiwi hela. Alhamisi jioni mshikaji wangu anayefanya kazi mtaa uleule wa yadi ananipigia: "Kaka, lile gari lako nimeliona linatoka na mtu mwingine, wanasema kalinunua." Usiku huohuo nikamwandikia mwenye yadi: nimekubali bei yako, kesho nakuja na hela yote. Asubuhi akajibu: pole, limeshauzwa.

Nikaenda na meseji zangu kwa washauri wa sheria wa bure. Mshauri aliyenipokea alisoma zote, akaniambia kwa upole kwamba sina kesi. Hapa anayetoa ofa anaweza kuiondoa muda wowote kabla haijakubaliwa, hata kama aliahidi kwa maandishi kuiacha wazi mpaka siku fulani. Ile ahadi ya kusubiri inahesabiwa ahadi ya peke yake, na mimi sikumpa kitu chochote ili anipe ahadi hiyo. Kwa hiyo haimfungi.

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza kusoma mwenyewe, na nilichokikuta kimenipandisha hasira zaidi, maana kesi yangu ilishaamuliwa mwaka 1876! Dickinson dhidi ya Dodds. Jumatano tarehe 10 Juni 1874 Dodds alimwandikia Dickinson kwamba anamuuzia nyumba zake kwa pauni 800, na chini akaongeza kuwa ofa inabaki mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi mchana Dickinson akasikia kwa mtu wake, anaitwa Berry, kwamba Dodds anamuuzia mtu mwingine. Akakimbilia alikofikia Dodds, akaacha barua ya kukubali kwa mama mkwe wa Dodds. Mama akasahau kuitoa. Ijumaa, kwenye saa moja asubuhi, wakamvizia stesheni ya Darlington, wakamkabidhi barua mkononi anapanda behewa. Saa tatu haijafika! Dodds akamwambia umechelewa, nimeshauza.

Jaji wa kwanza alimpa Dickinson haki yake. Mahakama ya Rufaa ikampokonya. Ahadi ya mpaka Ijumaa haikulipiwa, kwa hiyo ni maneno matupu. Tena ikasemwa kwamba kwa kuwa Dickinson alishapata habari, japo kwa mtu baki, ofa ilikuwa imeshakufa. Dodds hakulazimika kumwambia kwa kinywa chake.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Kuna kesi nyingine ya 1880, Byrne dhidi ya Van Tienhoven. Kampuni ya Cardiff ilitoa ofa ya mabati kwa wateja wa New York kwa barua ya tarehe 1 Oktoba. Tarehe 8 ikatuma barua ya kuiondoa. Wateja wakaipata ofa tarehe 11, wakakubali hapohapo kwa simu ya maandishi. Barua ya kuiondoa ikawafikia tarehe 20. Mahakama ikasema mkataba upo, kwa sababu ofa haiondoki mpaka aliyepewa ajue kwamba imeondolewa.

Mnaona kilichonipata? Mshikaji asingenipigia ile simu, na meseji yangu ya kukubali ikamfikia yule bwana kabla hajanijulisha chochote, leo ningekuwa na mkataba na ningemdai kwa kuuvunja. Wema wa rafiki ndio uliozika ofa yangu. Sheria inamlinda asiye na habari, aliyetonywa na mwenzake inamtosa. Nani atanieleza haki iko wapi hapo?

Dawa yake mnaijua? Pauni moja. Sitanii. Katika kesi ya Mountford dhidi ya Scott, mwaka 1975, mwenye nyumba alipokea pauni 1 tu ili nyumba yake ya pauni 10,000 abaki kumwekea mnunuzi kwa miezi sita. Akataka kugeuka kabla muda haujaisha, mahakama ikamwambia huwezi, umelipwa. Wazee wetu wa pwani arubuni wanaijua, ila arubuni yao ina uzito, ni kipande cha bei yenyewe. Hapa sarafu isiyonunua hata sahani ya chipsi ndiyo inayotenganisha ahadi na upepo. Njia nyingine ni ahadi kuandikwa kwenye hati rasmi yenye shahidi. Nani ananunua vani iliyotumika kwa hati?

Na wakubwa wanajua! Mwaka 1937 kamati ya kupitia sheria ilipendekeza kwamba ahadi ya kuacha ofa wazi kwa muda maalumu iheshimiwe hata kama haikulipiwa. Mwaka 1975 Tume ya Sheria ikalirudia jambo hilo kwa upande wa wafanyabiashara. Mpaka leo hakuna kilichofanyika. Vuka mpaka uingie Uskoti, nchi iliyo chini ya bunge hilohilo la London, utakuta ahadi ya namna hii inamfunga aliyeitoa, hata bila senti. Yadi ile ingekuwa maili chache kaskazini zaidi, ningekuwa na kesi.

Mlioko nyumbani msiseme haya ni ya ughaibuni. Kenya sheria ya mikataba imesimama juu ya hiihii ya Uingereza, imeandikwa wazi hivyo. Tanzania tuna yetu, Sura ya 345, nayo inaruhusu pendekezo liondolewe kabla ukubali haujakamilika. Ukimwambia mtu "niwekee, narudi", ujue umesimama wapi.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Mnaosema ningetanguliza hela: ningetanguliza kwa sababu gani wakati mtu kanipa siku nne kwa hiari yake? Mnaosema kwamba mimi nilikuwa huru kuacha, basi na yeye awe huru: hoja hiyo majaji waliitumia miaka mingi, na siikubali. Hakuna aliyemlazimisha kutaja Ijumaa. Angesema "wahi, atakayetangulia atachukua", ningejua, nisingekopa, nisingekataa kazi. Yeye ni mfanyabiashara, anajua kabisa kwamba mteja akipewa siku ataingia gharama kwa kuitegemea siku hiyo. Nilichokosea ni kimoja: Jumatatu ileile sikuandika "nimekubali". Neno moja lingemfunga.

Jana nimemwandikia mbunge wa eneo langu nikaambatanisha meseji zote. Nimeomba jambo moja tu, mfanyabiashara anayeandika siku kwa mkono wake afungwe na siku hiyo. Shemeji nimeshamrudishia 900 zake. Hela ya yule dada wa upatu nampelekea kesho. Mwezi huu alikuwa ameipangia ada ya mwanawe, na tarehe ya kulipa ilishapita.