Mrejesho: ile sahani ya bluu yenye alama ya Ming

Wadau, niliuliza kama sahani yenye herufi sita za Kichina kitakoni ni ya China, enzi ya Ming. Jibu limepatikana: ni ya Japani, mtindo wa Arita (mji wa Japani wa vyombo vya kauri), enzi ya Meiji (1868–1912).

Herufi zinataja utawala wa Chenghua, mfalme wa enzi ya Ming (1465–1487), lakini Wajapani waliziiga kwa muda mrefu, na porseleni (kauri nyeupe, ngumu) Japani ilianza kuchomwa mwanzoni mwa karne ya 17. Msitoe tarehe kwa alama peke yake!

Kilichoamua kwanza ni kitako. Ndani ya duara la mguu kuna vidoa vitano, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti, vinavyokwaruza ukipitisha kidole. Hapo viliegemea vijiti vya udongo vilivyozuia kitako kubonyea tanurini. Wajapani walivitumia sana, Wachina mara chache. Usivichanganye na vitundu vya mapovu: vile hutawanyika ovyo, hivi hukaa kwa mpangilio.

Kisha umri. Kwa lenzi ya mara 10, mistari ya maua imekatika katika vipande vifupi, na kwenye ukingo pambo linagongana pale karatasi iliyotobolewa ilipohamishwa. Mkono wa mchoraji haukati hivyo. Mbinu hiyo ya kupaka rangi kupitia karatasi iliyotobolewa ilishamiri miaka ya 1870 na kuendelea, pamoja na kobalti ya viwandani yenye bluu kali.

Kukosekana kwa neno "Nippon" au "Japan" hakuthibitishi ukongwe; vyombo vya soko la ndani havikuhitaji kuandikwa nchi.