Tachi zimeshinda kihalali au vitufe vimeondolewa tu? Tujadili

Wadau habari za jioni, niko Mwanga hapa Kigoma. Jana tumebishana kwa fundi simu mpaka giza likaingia. Jamaa mmoja kashikilia kwamba tachi, yaani kioo cha kugusa, ni kitu kipya, kaileta Apple 2007, na anayeng'ang'ania kitochi, simu ya vitufe, kapitwa na wakati, kwa hiyo huduma zote zihamie kwenye tachi tu. Mimi nakataa yote mawili.

Tachi ni ya zamani jamani. Mwaka 1965 Muingereza E. A. Johnson, mtafiti kwenye taasisi ya rada ya serikali yao kule Malvern, alishaandika kuhusu kioo cha kugusa kwa kidole, na aliowafikiria ni waongozaji ndege. Halafu CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, walipokuwa wanajenga SPS, mtambo wao wa kukimbiza chembe ndogo za atomu, wakaona chumba cha kuuongozea kitahitaji maelfu ya vitufe na swichi, ndo Bent Stumpe na Frank Beck wakaja na kioo cha kugusa, na mtambo ulipoanza kazi 1976 vioo hivyo vilikuwepo. Hata simu, IBM Simon iliingia sokoni 1994 na tachi yake.

Sasa waangalieni hao waliotengenezewa, wote wamekaa ndani, mikono mikavu!

Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kibirizi nanunua dagaa alfajiri, mama muuzaji anataka kuangalia kama hela yangu imeingia, mikono ina maji na magamba, anagusa kioo hakisikii, anafuta kwenye kitenge anagusa tena kinafungua kitu kingine kabisa, mwisho kaazima kitochi cha kijana wa mtumbwi kampigia mwanae ndo akathibitisha. Sio ushamba ule. Tachi za simu za leo zinahisi umeme mdogo sana unaobadilika kidole kikigusa, na maji nayo yanaubadilisha, kwa hiyo kioo kinashindwa kujua kidole ni kipi. Ilikuwepo aina nyingine, ya tabaka mbili, unabonyeza la juu linagusana na la chini, hiyo hata kwa ukucha au ukiwa na glovu inakubali. Ikashindwa sokoni kwa sababu kioo chake haking'ai vile na vidole viwili kwa pamoja vinaisumbua. Ilishindwa kwa urembo na kukuza picha kwa vidole viwili, haikushindwa kwa mama wa Kibirizi.

Mdau wa Ujiji akajibu: "Ndugu unasahau wasiojua kusoma. Bibi yangu kwenye kitochi alikuwa anasubiri mjukuu amsomee meseji, sasa hivi anagusa picha ya mtu anatuma sauti. Hilo vitufe havikumpa."

Hapo umenigusa, nakubali kabisa, bibi asinyang'anywe hiyo tachi. Ila ndugu yangu wa Ujiji, bibi kupata picha hakumlazimishi mama wa dagaa kupoteza vitufe. Menyu ya nyota na reli ibaki inafanya kazi yote, na mashine ya kulipia inayowekwa sokoni au bandarini iwe na namba za kubonyeza pembeni ya kioo. Kwani gharama ya vitufe 12 ni shilingi ngapi?

Wana Tabora wa asali, nyie mkiwa mnakamua mizinga simu mnaipokeaje?